Vitu vya sumaku vinauzika kwa video, ila jua unachouza

Wiki hii swali limeingia inboksi mara nyingi, hasa kutoka kwa wenzetu wa Kibaha na Kisarawe wanaouza kupitia stetasi ya WhatsApp na TikTok: "Admin, mtaji wangu mdogo, niuze nini ambacho kila fremu ya mtaani haina?" Leo najibu kwa kitu kimoja tu, sumaku. Nazungumzia midoli na vifaa vidogo ambavyo sumaku ndiyo inayofanya kazi ndani yake.

Sababu ni moja. Ukipiga picha ya kawaida ya kava la simu, mteja anaona kava, anapita. Ukipiga video ya stendi ya gari inadaka simu yenyewe kabla mkono haujafika, mtu anaangalia mara tatu halafu anauliza bei. Sisi tunaouza mtandaoni tunaishi kwa sekunde zile tatu za mwanzo.

Lakini kabla sijakutajia vya kuuza, nianze na ambacho usiuze. Hiki nilijifunza kwa gharama.

Niliwahi kuleta boksi za vile vigololi vya sumaku vinavyong'aa, vidogo kama punje ya mtama iliyonenepa, milimita 5, vinakaa 216 kwenye kikopo. Unatengeneza pete, mpira, mnyororo, chochote. Video yake ilipendwa kuliko zote nilizowahi kuweka. Dada mmoja wa Kisarawe akachukua kikopo kwa ajili ya watoto wake, nikampakia kwenye gari la jioni, hela ikaingia, nikalala vizuri. Siku ya nne akanipigia simu anahema: "Kaka, nimehesabu vipo 213, na mdogo ana miaka minne, tangu asubuhi anasema tumbo linauma." Nikafungua mtandao kutafuta, na nilichosoma kilinitoa jasho. Nikamwambia aende hospitali sasa hivi, asisubiri kesho, na akifika aseme neno "sumaku" kabla ya neno lingine lolote. Mtoto alipigwa eksirei, tumbo likaonekana safi. Vile vitatu vilikuja kupatikana usiku, vimeng'ang'ania chini ya mguu wa kitanda cha chuma. Nikamrudishia hela yake na nauli yake.

Kwa nini niliogopa hivyo? Mtoto akimeza sarafu, mara nyingi inapita yenyewe. Hata sumaku moja inaweza kupita. Shida ni mbili au zaidi, au sumaku moja na kipande cha chuma. Utumbo umejikunja kama bomba la maji lililorundikwa. Sumaku moja ikiwa kwenye mkunjo huu na nyingine kwenye mkunjo wa pili, zinatafutana na kushikana, na kuta za utumbo zinabanwa katikati. Damu haipiti pale, nyama inakufa, utumbo unatoboka. Na dalili za mwanzo ni tumbo kuuma na kutapika tu, kitu ambacho mzazi atadhani ni chakula au malaria. Wengine wameishia kwenye upasuaji, na wapo waliofariki. Australia ilipiga marufuku kabisa vigololi hivi mwaka 2012. Marekani imevutana navyo mahakamani kwa miaka, na mwaka 2022 ikaweka kanuni mpya ya nguvu ya sumaku kwa bidhaa za namna hii.

Kwa hiyo kama umeshavileta, viondoe kwenye ukurasa wako wa midoli leo. Kuandika "kwa watu wazima tu" hakutoshi kama kwenye video umeweka mtoto anavichezea. Na mteja akikupigia kwamba mtoto amemeza, usimwambie amtapishe wala asubiri choo. Ni hospitali moja kwa moja.

Sasa twende kwenye biashara yenyewe. Utakutana na sumaku za aina mbili, na ukizijua hizi hutadanganywa Kariakoo.

Ya kwanza ni ile nyeusi, nzito, inayovunjika kama kigae. Inaitwa feraiti. Ndiyo iliyo nyuma ya spika mbovu ambayo sote tuliwahi kuipasua utotoni. Ni ya bei rahisi na nguvu yake ni ya wastani. Ya pili inang'aa kama fedha, ndogo, ina nguvu ya ajabu. Hii ni neodimiamu. Ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 pande mbili kwa wakati mmoja: Masato Sagawa kule Japani, na watafiti wa General Motors kule Marekani. Ndiyo iliyo ndani ya nyingi ya hizi erifoni ndogo za masikioni. Na kwa taarifa yako, madini ya neodimiamu yapo hapa kwetu, kwenye mlima Ngualla mkoani Songwe. Hilo ni la wenye mitaji mikubwa, sisi turudi kwenye vikopo vyetu.

Kanuni ninayotumia mimi: kitu cha mtoto mdogo kiwe na feraiti, au kama kina neodimiamu basi iwe imefungiwa ndani ya plastiki ngumu isiyofunguka. Kabla sijaanza kuuza mzigo mpya, nachukua kimoja nakitoa sadaka. Nakidondosha sakafuni kutoka usawa wa bega mara kumi. Nakivuta, nakipinda, nakigonga. Kikipasuka na sumaku ikachungulia, mzigo ule siuuzi kama mdoli. Halafu kuna kipimo cha roli la tishu: kile kiboksi cha duara cha katikati. Kitu chochote kinachopita kwenye tundu lake kinaweza kuingia kooni kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Unapoteza kimoja kati ya ishirini, lakini hutapokea simu kama niliyopokea mimi.

Midoli inayotembea vizuri? Ubao wa kuchorea wenye kalamu ya sumaku ndio mfalme. Ndani kuna chembe za chuma kwenye majimaji mazito, kalamu inazivuta juu zinaonekana nyeusi, ukipitisha kile kiufito cha kufutia zinarudi chini. Mama wa Mlandizi mwenye watoto wawili anachoka kununua madaftari yanayochorwa siku moja. Mwoneshe kwa video ya sekunde kumi kwamba huu hauishi karatasi. Kuna mchezo wa kuvua samaki kwa fimbo ya sumaku, huu hauhitaji maelezo, ila angalia midomo ya samaki, ndipo sumaku inapong'oka. Kuna vigae vya rangi vya kujengea nyumba, vizuri sana lakini bei iko juu, na vile vya bei ya chini plastiki yake inapasuka pembeni. Kwa kweli hapo bora uuze seti ndogo nzuri kuliko seti kubwa mbovu.

Na siyo lazima uuze mdoli uliokamilika. Walimu wa shule za msingi wananunua sumaku za feraiti za duara kwa ajili ya somo la sayansi. Mmoja alinifundisha jambo ambalo sasa ndilo video yangu ya kuvutia wateja. Funga sumaku kwenye mfuko wa nailoni, iburuze kwenye mchanga wa mtoni. Mara nyingi inatoka na chembe nyeusi zimesimama kama manyoya. Geuza mfuko ndani nje, chembe zinabaki humo na sumaku haichafuki. Bila nailoni utazibandua mpaka uchoke.

Nyingine ya bure: chukua bomba la alumini, lile la pazia. Ligusishe sumaku kwanza. Ikishika, hilo ni chuma, tafuta lingine. Isiposhika, lisimamishe wima na dondosha neodimiamu nene ndani yake. Itashuka polepole kama inazama kwenye asali, ingawa haishiki popote. Sumaku ikipita inazalisha umeme kidogo kwenye ukuta wa bomba, na umeme ule unatengeneza usumaku wa kuizuia. Ni kanuni ileile ya dainamo ya baiskeli, na ya mitambo mikubwa ya Bwawa la Nyerere kule Mto Rufiji. Ukiweka video hii watu watasema ni uchawi, na wewe hapo chini unaandika bei ya kalamu na ubao.

Upande wa vifaa vya simu, hapa ndipo hela ya haraka ilipo, na malalamiko pia. Stendi ya sumaku ya gari na bajaji inauzika. Mweleze mteja mambo matatu kabla hajalipa, asije kukurudishia. Kwanza, kile kibati anachobandika nyuma ya simu kinazuia chaja ya bila waya. Simu haitachaji na itapata joto. Pili, sumaku haiharibu laini wala memori kadi, huo ni uzushi, ila inaweza kuvuruga dira ya simu, mshale wa kwenye ramani ukaangalia kinyumenyume hadi atembee kidogo. Tatu, asiweke kadi ya benki yenye ule mstari mweusi kati ya simu na sumaku. Na jua letu hili: gari likiegeshwa Maili Moja saa nane mchana, gundi ya stendi inaachia. Siyo kwamba sumaku imekufa. Neodimiamu ya kawaida inaanza kupoteza nguvu kwenye nyuzi 80 hivi, gundi ya bei rahisi haifiki huko.

Pawabenki za kubandika nyuma ya simu zimeshika kasi tangu iPhone 12 itoke mwaka 2020 ikiwa na duara la sumaku ndani. Wateja wengi wa kwetu simu zao hazina duara hilo. Muulize anatumia simu gani kabla hujapokea oda. Kama haina, muuzie na kava lenye pete ya sumaku, hiyo ni faida mbili kwa oda moja. Ila mtu mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asiweke vitu hivi mfuko wa shati. Apple wenyewe wanasema viwe mbali zaidi ya sentimita 15. Zile waya za chaja zenye kichwa cha sumaku nazo ni nzuri kwa mtu wa ofisini. Kwa fundi wa kuchomelea usimuuzie, vumbi la chuma linajaa kwenye kichwa na linaweza kupiga shoti.

Kuna mzigo mwingine utaletewa kwa bei ya kutupa: bangili za sumaku za kushusha presha, na vile vidude vya kufunga kwenye bomba la mafuta la bodaboda ili "zipunguze ulaji". Mimi sivigusi. Vimepimwa na watafiti mara nyingi na havifanyi hayo yanayosemwa. Bangili kama urembo, sawa, uza na useme urembo. Ukiandika inatibu presha, kuna mzee atakuamini na ataacha vidonge vyake, na mjukuu wake ndiye aliyempelekea ile posti yako.

Ujanja ambao umeniletea wateja wapya bila tangazo: natoa kisumaku kidogo cha friji, chapati ile ya bei ndogo iliyochapwa namba yangu, kwa kila anayenunua sufuria au jiko la induksheni kwa mwenzangu tunayeshirikiana naye. Watu sasa wananunua majiko haya ya umeme halafu sufuria zao za alumini hazipati moto, wanadhani jiko bovu. Jiko lile linahitaji sufuria ambayo sumaku inashika chini. Mteja anabeba kisumaku changu mpaka sokoni kupima sufuria, na namba yangu iko juu yake.

Mwisho kwenye upakiaji, maana Kisarawe mzigo unapita mikono mingi. Usiweke neodimiamu mbili uso kwa uso, zitagongana na kumeguka, na vipande vyake vinakata. Weka kadibodi nene katikati ya kila moja. Kama unaagiza China kwa ndege, mwambie wakala mapema kwamba ndani kuna sumaku, na pawabenki kama ipo, kwa sababu sumaku kali zina masharti yake kwenye ndege na mzigo usiotajwa unaweza kuachwa. Kwa meli hutasumbuliwa sana. Na kwa mzigo wa gari la abiria, andika juu ya boksi kwa maandishi makubwa: SUMAKU, USIWEKE KARIBU NA SPIKA WALA KADI. Konda atasoma, na abiria wa siti ya nyuma watauliza unauza nini.