Spora za Kuvu katika Mashapo ya Pwani: Ushahidi wa Mazingira ya Kale

Kuvu huzaana kwa spora, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho matupu. Ukuta wa spora nyingi una kaitini, kemikali ngumu isiyooza upesi. Mvua ikizisomba hadi kwenye ziwa la pwani, mlango wa mto au tope la mikoko, hufukiwa mahali pasipo na oksijeni na kudumu maelfu ya miaka. Tabaka la chini hutangulia kuwekwa, hivyo ukisoma mashapo kutoka chini kwenda juu, unasoma historia ya mahali hapo.

Hatua za uchunguzi

1. Bomba hudidimizwa kwenye tope ili kutoa nguzo ya mashapo isiyovurugika.
2. Sampuli hukatwa kwa kina tofauti. Umri hupimwa kwa kaboni 14, ambayo nusu uhai wake ni miaka 5,730.
3. Asidi huyeyusha chokaa na mchanga, spora hubaki.
4. Spora hutambuliwa na kuhesabiwa kwa hadubini.

Aina mbili za kukumbuka

(a) Sporormiella: huota kwenye kinyesi cha wanyama wala majani. Zikiwa nyingi, ni dalili kwamba wanyama hao walikuwa wengi karibu na hapo.

(b) Glomus: huishi ndani ya udongo pamoja na mizizi ya mimea. Spora zake zikiwa nyingi kwenye tope la ziwa au la bahari, ni dalili ya mmomonyoko wa udongo.

Mfano halisi: Madagaska

Mwaka 2003, David Burney na wenzake walichapisha uchunguzi wa Sporormiella kisiwani humo. Spora hizo zilipungua sana takriban miaka 1,700 iliyopita. Chembe za mkaa ziliongezeka baadaye. Yaani wanyama wakubwa walianza kupungua kwanza, kisha moto ukazidi, huenda kwa kuwa nyasi zisizoliwa hukauka na kushika moto kwa urahisi. Takriban miaka 1,000 iliyopita spora ziliongezeka tena, ng'ombe walipoenea.

Swali la mazoezi (takwimu ni za kubuni)

Kina sm 200: Sporormiella 60, mkaa 10, Glomus 5.
Kina sm 100: Sporormiella 12, mkaa 15, Glomus 6.
Kina sm 50: Sporormiella 10, mkaa 70, Glomus 40.

Eleza mabadiliko ya mazingira ya eneo hili. (Alama 6)

Jibu: Anza na sm 200, kwa sababu ndilo tabaka la kale zaidi. Wakati huo huenda wala majani walikuwa wengi, na moto na mmomonyoko vilikuwa vidogo. Kufikia sm 100 wanyama walikuwa wamepungua, lakini moto ulikuwa bado mdogo. Kufikia sm 50 moto uliongezeka, na udongo uliopoteza mimea ukasombwa na maji.

Zingatia

Watahiniwa wengi huanza na sm 50 na kugeuza historia juu chini. Pia, usiandike "spora chache, basi wanyama hawakuwepo." Ziwa likipanuka, ukingo wake husogea mbali na mahali palipochimbwa, na spora hupungua hata kama wanyama ni walewale. Andika "huenda", kisha taja ushahidi wa pili, kama vile mifupa, chavua au mkaa.