SOMO LA UFUNDI: KUREKEBISHA KAVA ZA PLASTIKI ZILIZOPASUKA

Siku hizi plastiki iko kila boma huku kwetu kwenye majani chai, kutoka Kericho hadi Bomet: kava za bodaboda, redio, hata kasha la kompyuta ambayo vijana wameiunda kwa vipande vya hapa na pale. Kava ikipasuka, wengi huitupa, au huipaka gundi na baada ya wiki inaachia. Mara nyingi gundi haina makosa. Shida ni kwamba fundi hakujua plastiki ni ya aina gani.

Jua plastiki yako kwanza

Geuza kava uangalie upande wa ndani. Mara nyingi kuna herufi. ABS ni ile ngumu ya makasha ya kompyuta na redio nyingi. PP na PE huteleza kama zina mafuta. Beseni na jerikeni ni za namna hiyo. Kama hakuna herufi, kata kipande kidogo ukitie majini: kwa kawaida PP na PE huelea, ABS huzama. Halafu weka tone la asetoni mahali pasipoonekana. ABS italainika na kunata.

Kama ni ABS

1. Chomoa kompyuta kwenye umeme, ondoa kava, uioshe kwa maji ya sabuni na uikaushe.
2. Toboa tundu dogo la milimita 2 au 3 pale ufa unapoishia, usiendelee kupasuka. Panua ufa kidogo kwa kisu upande wa ndani.
3. Tia vipande vidogo vya plastiki ya aina hiyo hiyo kwenye chupa ya glasi, mimina asetoni ivifunike, ufunge. Kesho yake utapata uji mzito.
4. Paka uji huo ndani ya ufa, tabaka jembamba baada ya jingine. Pahali panapobeba uzito, zika kipande cha wavu wa waya. Acha siku nzima au zaidi. Tabaka nene hukauka juu tu, ndani likabaki bichi.
5. Piga msasa wenye maji: namba 120, halafu 240, umalizie na 400.
6. Paka rangi ya kwanza ya plastiki, kisha rangi yenyewe mara tatu nyembamba. Fanya hivyo asubuhi jua likiwaka. Mvua yetu ya mchana huleta unyevu, na rangi huingia ukungu mweupe.

Usizibe matundu ya hewa ya kasha. Kompyuta isiyopumua huungua.

Kama ni PP au PE

Hapa asetoni haifai kitu. Yeyusha kingo za ufa kwa chuma cha moto, ukiongeza kipande cha plastiki ile ile. Rangi haishiki vizuri, basi iache na rangi yake.

Tahadhari

Asetoni hushika moto upesi sana. Weka mbali na jiko, koroboi na sigara, na mfanye kazi nje. Plastiki za kompyuta za zamani nyingi zimetiwa dawa ya kuzuia moto, kwa hivyo usivute vumbi lake: msasa wa maji na barakoa ni lazima, na watoto wakae mbali. Usichome mabaki, moshi wake ni sumu, hasa wa PVC. Na usiunganishe kwa moto mtungi uliokuwa na petroli. Jerikeni ya dawa ya shamba haiwi ya maji ya kunywa, hata ikirekebishwa vipi.

Kupanga bei

Hesabu vifaa, saa za kazi na pesa za kununua msasa mwingine. Mkihesabu vifaa peke yake, kikundi kinafanya kazi bure. Anzeni na kava zenu wenyewe, kisha mpokee za watu. Kazi ikiachia mara moja, soko zima litajua.

Katika Yohana sura ya 6, baada ya watu kushiba, Yesu aliagiza mabaki yakusanywe, yakajaa vikapu 12. Naye alikuwa na uwezo wa kufanya mkate mwingine.

Maswali ya kikundi

1. Ni vitu gani vya plastiki tunavitupa ambavyo vingerekebishwa?
2. Nani atakagua kazi kabla ya mteja kuichukua?
3. Asetoni tutaiweka wapi watoto wasiifikie?