LORI LIKIKOSA NGUVU

Lori kuukuu la turbo likipakia pamba Kahama, mlimani likatoa moshi mweusi na kuishiwa nguvu, tusikimbilie kufungua pampu. Kwanza tutazame hewa. Vumbi la njia za machimboni Geita huziba chujio upesi. Kisha, injini ikiwa bado baridi, tupake povu la sabuni kwenye mipira itokayo turbo kwenda injini. Mwenzetu akanyage mafuta, nasi tujihadhari na feni. Penye tundu povu litatokota. Mara nyingi ni klipu tu, imelegea!

Lakini bomba la dizeli liendalo kwenye nozeli likivuja, tusilipapase kamwe. Dizeli hiyo hupenya ngozi, na mtu aweza kukatwa kidole. Tupitishe kipande cha boksi. Kikilowa, ndipo panapovuja. Aliyepenywa akimbizwe hospitali saa ile ile, hata kama kidonda ni kama cha sindano.