Ukingo wa shimo la nyuma ya Mwezi, ukiwa Rugerero

Nyuma ya Mwezi kuna shimo lenye upana wa kilomita 2,500 hivi, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Kinshasa. Ni bonde la Ncha ya Kusini–Aitken, lililochimbwa na jiwe la angani zaidi ya miaka bilioni 4 iliyopita. Chombo cha China, Chang'e 6, kilileta udongo wake duniani Juni 2024. Kutoka Rugerero, magharibi mwa Rwanda, bonde lenyewe halionekani, maana Mwezi hutuelekezea uso uleule. Ukingo wake, hata hivyo, unafika ncha ya kusini ya Mwezi, na milima yake huchungulia pembeni. Hiyo ndiyo ya kuitafuta.

Kwanza chagua usiku. Kila mwezi ncha hiyo huinamia kwetu kwa siku kadhaa, hadi karibu nyuzi 7, kisha hurudi nyuma. Programu ya bure ya Stellarium itakuonyesha ni lini. Ngoja siku hizo ziangukie kati ya nusu mwezi na mwezi mpevu. Kiangazi cha Juni hadi Agosti mawingu ni machache, ila vumbi na moshi hutanda chini, kwa hiyo tazama Mwezi ukiwa umepanda juu. Mimi napenda zaidi usiku unaofuata mvua: hewa huwa imeoshwa.

Vitabu vingi husema kusini mwa Mwezi ni chini. Huku karibu na ikweta sivyo! Mwezi ukichomoza mashariki, kusini kwake ni upande wako wa kulia. Ukishuka kuelekea Goma, ni kushoto.

Darubini ya macho mawili ya 10x50 yatosha kuanzia. Egemeza viwiko ukutani. Tafuta Tycho, kreta yenye miale myeupe, halafu songa kusini hadi Clavius, yenye upana wa zaidi ya kilomita 220. (Kreta ya volkano ya Nyiragongo ina upana wa kilomita 1.2 tu; kama ingekuwa Mwezini, darubini ya nyumbani isingeionyesha vizuri.) Kwa darubini ya miguu mitatu endelea hadi Moretus, yenye kilima katikati, kisha ufike pembeni kabisa. Usiharakishe hapo. Pale duara la Mwezi linapoonekana kuwa na meno badala ya kuwa laini, hiyo ni milima. Ichore, uandike tarehe na saa, kisha rudia mwezi unaofuata: huenda baadhi ya vilele vikawa vimezama nyuma ya ukingo wa Mwezi.