Habari za Shule Zifikapo Nyumbani

1. Gazeti la Kiungani

Katika mwaka 1864 Askofu Tozer wa misheni ya UMCA alifika Unguja. Sultani Majid alimpa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, na hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa misheni hiyo Unguja. Baadaye palikuwa na shule Kiungani, nje kidogo ya mji, na wavulana wengine waliookolewa baharini wakaletwa huko. Walifundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu, tena baadhi ya vijana wa misheni walifundishwa kazi ya kupiga chapa.

Hata mwaka 1888 likaanza Kiungani gazeti dogo la Kiswahili, jina lake Msimulizi. Ndani yake zilitiwa habari za vituo vya misheni, vya Unguja na vya bara, ili watu wakaao mbali wapate kujuana hali. Baada ya hilo yalifuata magazeti mengine. Katika zamani za Wadachi, kabla ya vita vya mwaka 1914, shule ya serikali ya Tanga ilikuwa na gazeti lake, Kiongozi. Na katika mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kutoa Mambo Leo huko Dar es Salaam, nalo lilipokea habari kutoka miji na vijiji vingi.

Basi na ifikiriwe hali ya wale wanafunzi wa kwanza wa Unguja. Wengi wao walitekwa wangali wadogo, wasijue tena baba yuko wapi wala mama yuko wapi. Kama mmoja wao alishinda katika hesabu, hakuwa na mzazi wa kumpelekea habari hiyo. Lakini mwanafunzi mwenye wazazi nyumbani, mwendo wa nusu saa tu kutoka shuleni, mara nyingi akiulizwa, “Leo mmefanya nini?” hujibu, “Hapana neno,” akaenda zake kucheza.

2. Waraka wa mwalimu

Palikuwa na mvulana mmoja wa darasa la sita katika kijiji cha Bonde, si mbali na Muheza. Baba yake alikuwa mkulima wa mahindi na mihogo, na mama yake alikuwa msusi wa mikeka. Wazazi wote wawili hawakujua kusoma. Basi kila karatasi iliyoingia katika nyumba ile ilisomwa na mtoto huyo, na majirani nao walimletea barua zao. Baba alijivuna sana kwa ajili yake, akasema, “Macho yangu yako kichwani mwa mwanangu.”

Mwisho wa muhula mwalimu aliandika waraka kwa kila mzazi. Waraka ule ulikuwa na mistari kumi na minne, na maneno yake ni haya:

“Kwa mzazi mpendwa, salaam sana. Baada ya salaam, nakuarifu habari za darasa letu. Wanafunzi wamepima shamba la shule kwa hatua zao, urefu hatua 40 na upana hatua 25, wakapata hatua za mraba 1,000. Wamepanda humo mahindi na kunde. Wamejifunza ya kuwa mbu wa malaria huzaliana katika maji yaliyotuama, wakafukia madimbwi yote yaliyo karibu na shule. Katika kazi za mikono wamesuka vikapu. Mwanao ni hodari wa hesabu. Lakini katika siku 60 za muhula amekosa siku 9. Asipojirudi hatapandishwa darasa. Jumamosi ijayo wazazi wote wanaombwa kuja shuleni, saa mbili asubuhi, watazame kazi za watoto na kusaidia kuezeka paa kwa makuti. Wasalaam.”

Jioni baba aliketi barazani, mama akawa anashona ukili karibu na taa. Mtoto akasoma kwa sauti, na kidole chake kikifuata mistari. Alipofika penye neno “hodari wa hesabu” baba akacheka kwa furaha. Kisha mtoto akaona maneno yafuatayo, na moyo wake ukapiga. Akasita kidogo tu, akaruka mistari miwili, akaendelea: “Jumamosi ijayo wazazi wote wanaombwa kuja shuleni.”

Baba akasema, “Alhamdulillahi! Mwanangu, umenipa heshima. Nikiuza mahindi nitakununulia shati jipya.” Mtoto akashukuru, lakini usiku ule hakulala vema.

3. Mistari miwili

Asubuhi yake mama alimwita. “Mwanangu!”

“Labeka, mama.”

“Lete karatasi ya mwalimu.” Akailaza juu ya mkeka aliokuwa akiushona, akasema, “Mimi sijui herufi hata moja, lakini kuhesabu kuti za ukili najua. Karatasi hii ina mistari kumi na minne. Jana nilitazama kidole chako. Kilishuka mistari kumi na miwili. Mkeka ukirukwa ukili mmoja, mimi nauona hata gizani. Je, ile miwili ina nini?”

Mtoto aliinama, asiweze kujibu. Mama hakugomba wala hakumpigia kelele. Alisema tu, “Ngoja baba yako arudi kutoka shambani.”

Baba aliporudi, mtoto akasoma waraka tena tangu mwanzo hata mwisho, asiruke neno. Baba alinyamaza kitambo, kisha akauliza, “Siku tisa ulikuwa wapi?”

“Baba, siku tano nilikwenda mtoni kuvua samaki na wenzangu. Na siku nne ulinituma wewe kuamia shamba, nyani wasile mahindi.”

Neno hilo la mwisho lilimchoma baba. Maana alikuwa amesahau, na kama ile mistari miwili ingalibaki imefichwa, asingalijua kamwe ya kuwa yeye mwenyewe alimpunguzia mwanawe masomo. Akasema, “Siku tano ni deni lako, na siku nne ni deni langu. Lakini kuna deni la tatu, nalo ni kubwa kuliko hayo. Nilikuambia ya kuwa wewe u macho yangu. Jicho likimdanganya mwenyewe, atakwenda vipi njiani?”

Jumamosi baba alikwenda shuleni. Aliezeka paa pamoja na wazazi wengine, akatazama shamba la watoto na vikapu vyao. Kisha akamwendea mwalimu, akamwambia habari yote bila kuficha. Wakapatana hivi: wakati wa mahindi kukomaa, baba na kaka yake watapokezana kuamia shamba asubuhi, na mtoto atakwenda kuwasaidia baada ya masomo.

Shati jipya halikununuliwa mwaka ule. Tena kwa miezi mingi kila barua iliyofika nyumbani baba aliichukua kwa binti wa jirani, naye ndiye aliyeisoma. Mtoto aliona aibu na uchungu, akiketi barazani huku barua ya baba yake ikisomwa na mtu mwingine. Lakini muhula uliofuata hakukosa siku hata moja. Siku waraka wa pili ulipoletwa, baba aliushika mkononi kwa muda mrefu, akamtazama mkewe, kisha akamnyoshea mwanawe, akasema, “Soma.” Mama akaweka ukili wake chini. Safari hii hakutazama kidole, alisikiliza tu.

4. Yapasayo kujulikana

Shule na nyumba ni kama mafiga yanayochukua chungu kimoja. Moja likisogea bila mengine kujua, chungu hupinduka. Mzazi humtoa mtoto wake katika kazi za nyumbani, akatoa na mali yake, ili mtoto ajifunze. Kwa hiyo ana haki ya kujua mtoto afanya nini: amejifunza nini, amefanya kazi gani kwa mikono, ana upungufu gani, na shule yahitaji msaada gani.

Habari njema peke yake haitoshi. Kama mwalimu angaliandika sifa tu, baba yule asingalipata nafasi ya kurekebisha mambo, na mtoto angalibaki nyuma wenzake wakipandishwa. Wahenga walisema, “Mficha maradhi, kifo humwumbua.” Kosa likijulikana mapema huwa na dawa.

Na mwanafunzi awasomeaye wazazi wake amepewa amana. Mwenye barua hawezi kumpima kwa macho yake, bali humwamini tu. Basi asizidishe wala asipunguze. Na neno asilolifahamu aseme, “Sifahamu,” kuliko kubuni maana. Akifanya hivyo, watu watamwamini katika barua, na katika mambo mengine pia.

MASWALI

1. Gazeti la Msimulizi lilianza mwaka gani, na wapi?
2. Kwa nini wengi wa wanafunzi wa kwanza wa misheni Unguja hawakuweza kuwapelekea wazazi wao habari?
3. Mama alijuaje ya kuwa mtoto ameruka mistari, naye hajui kusoma?
4. Baba alisema kuna madeni matatu. Yataje, na useme kila moja ni la nani.
5. Shamba la shule jingine lina urefu wa hatua 36 na upana wa hatua 15. Eneo lake ni hatua za mraba ngapi?
6. Andika waraka wa mistari kumi kwa wazazi wako, uwaarifu mambo ambayo darasa lako limefanya juma hili. Tia humo jambo moja jema ulilolifanya, na jambo moja ambalo hukulifanya vema. Kisha uwasomee nyumbani.