Mbio za Kwanza za Ngamia Wako: Somo kwa Mfugaji

Mbio za ngamia za Maralal zilianza mwaka 1990. Tangu hapo zimeleta wageni, biashara na heshima katika kaunti yetu ya Samburu. Lakini mfugaji akumbuke jambo moja: ngamia ni maziwa ya watoto wakati wa kiangazi na ndiye anayebeba mizigo tunapohama. Ngamia mchanga akiumizwa siku moja kwa kukimbizwa kabla hajakomaa, hasara itakaa bomani miaka mingi.

1. Umri

Ngamia huzoeshwa kamba akiwa na mwaka mmoja au miwili, na huanza kupandwa akiwa na miaka mitatu au minne. Nguvu kamili za kazi ngumu huzipata akifika miaka sita hivi. Kwa hiyo ngamia wa miaka minne anaweza kujifunza njia, lakini hafai kushindanishwa kwa kasi. Usidanganywe na urefu wake, kwani mifupa bado inakomaa.

2. Adabu kabla ya mbio

Kabla ya kufikiria umbali, ngamia ajue mambo manne: kupiga magoti akiamriwa, kusimama, kuongozwa kwa kamba, na kuachana na wenzake bila fujo. Hili la nne husahaulika. Ngamia ni mnyama wa kundi. Akiona wenzake wanamwacha, huvuta na kulia. Mzoeshe kidogo kidogo, kwanza akiandamana na ngamia mzima aliyetulia, kisha peke yake. Mpitishe pia kando ya soko na barabara, ili kelele, pikipiki na bendera zisimshtue siku ya mbio.

3. Umbali kwanza, kasi baadaye

Tenga angalau miezi mitatu. Mwezi wa kwanza, mtembeze saa moja, siku tatu kwa wiki. Mwezi wa pili, ongeza muda polepole hadi saa mbili au tatu. Mwezi wa tatu ndipo umkimbize, tena kwa vipande vifupi. Kila wiki awe na siku za kupumzika na kulisha.

Kuna sababu. Pumzi hujengeka haraka kuliko kano na mifupa. Baada ya wiki chache ngamia ataonekana ana nguvu tele, na hapo ndipo wengi huharakisha na kumlemaza.

4. Tandiko na nyayo

Ukimaliza mazoezi, vua tandiko upapase nundu, mbavu na kifua. Sehemu yenye joto, uvimbe au iliyonyonyoka manyoya ni onyo: tandiko halikai vizuri. Usimpande hadi apone. Kagua nyayo pia. Wayo wa ngamia ni laini, umeumbwa kwa mchanga. Mawe makali na miiba huuchana.

5. Maji na chumvi

Kustahimili kiu hakumaanishi ngamia ashindane akiwa na kiu. Ngamia aliyekosa maji siku nyingi huacha joto la mwili lipande, kutoka nyuzi 34 hivi alfajiri hadi 40 mchana. Ukimkimbiza katika hali hiyo, unamwongezea joto juu ya joto. Mnyweshe vizuri siku zinazotangulia mbio. Ngamia pia huhitaji chumvi nyingi kuliko mifugo wengine, basi asikose magadi au chumvi ya kulamba.

6. Afya

Mwite afisa wa mifugo mapema, si siku ya mwisho. Muulize hasa kuhusu surra, ugonjwa unaoenezwa na nzi wanaouma. Ngamia mwenye surra hukonda na kupata homa inayokuja na kuondoka, hivyo leo anaweza kuonekana mzima. Upele na kupe vitibiwe pia. Dume aliye katika msimu wa kupanda asiletwe penye umati, kwani huuma vibaya.

7. Siku ya mbio

Ulizia umbali kabla ya kujiandikisha, na uchague mbio fupi. Anza nyuma ya kundi, mbali na msukumano. Lengo la mara ya kwanza ni kumaliza akiwa mzima. Shuka na umtoe mashindanoni ukiona mojawapo ya haya: anachechemea, anayumba, anapiga magoti bila kuamriwa, au anahema bila kutulia hata baada ya kusimama. Fimbo haitibu uchovu.

8. Baada ya mbio

Mtembeze polepole, mpeleke kivulini, mpe maji na malisho. Ngamia anayecheua jioni anaendelea vyema. Asiyekula wala kucheua hadi kesho yake aonwe na daktari wa mifugo.

Jipime

Je, ngamia wako ana umri gani? Anaachana na wenzake bila fujo? Mgongo na nyayo ni safi? Amepimwa surra? Kama jibu moja linakutia shaka, mwaka huu mlete atazame tu. Mbio zijazo zitamkuta amekomaa.

Kwa ushauri zaidi, fika katika ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe.