Ni Nani Avutaye Pumzi Zetu Tulalapo?

Mtu mzima aliyetulia hupumua baina ya mara 12 na 20 kwa dakika, wala usingizi hauikatizi kazi hiyo. Moyo hupiga kwa amri itokayo ndani ya moyo wenyewe. Mapafu sivyo. Hewa huvutwa na misuli ya mbavu pamoja na diaframu, yaani msuli mpana utenganishao kifua na tumbo, nayo haitikisiki mpaka ipate amri ya ubongo. Basi amri hiyo hutoka wapi?

Chimbuko la amri

Mwaka 1991 wataalamu Jeffrey Smith, Jack Feldman na wenzao walikata kipande chembamba cha shina la ubongo wa panya mchanga, yaani sehemu iunganishayo ubongo na uti wa mgongo. Kipande hicho, kikiwa peke yake ndani ya chombo, kiliendelea kutoa amri za kupumua kwa mpigo. Ndani yake mna fundo dogo la chembe za neva liitwalo pre-Bötzinger, na kwa wanadamu pia limetambuliwa.

Chembe hizo hupashana habari kwa kemikali. Moja humwaga glutamati, nayo huiamsha jirani yake. Jirani huiamsha nyingine, hata zote hutoa amri kwa pamoja, nasi tukavuta pumzi. Kisha hunyamaza, na hewa hutoka. Baada ya kitambo huanza tena. Kemikali nyingine, kama glisini, huzuia mvuto usivuke kipimo. Chembe za karibu hupima kaboni dioksidi mwilini, na ikizidi huharakisha mpigo. Dawa kama mofini, ikizidi kipimo, huua kwa kulinyamazisha fundo hili.

Mtoto asiyelia

Pengine utauliza: elimu hii yatufaa nini sisi wa Dodoma, Kondoa au Singida? Yatufaa siku ya uzazi. Mtoto aliyekosa oksijeni wakati wa kuzaliwa huweza kutoka kimya. Watu husema, "Amezaliwa mfu," kumbe moyo wake ungali ukipiga. Fundo la pumzi ndilo lililonyamaza. Mwanzoni, kumkausha na kumsugua mgongo huweza kuliamsha. Akizidi kuchelewa, kusugua hakutoshi. Lazima mkunga amtie hewa kwa mfuko wa kubinya wenye kifuniko cha mdomo na pua. Kumning'iniza kichwa chini au kumwagia maji hakumsaidii.

Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wachunguzi walitangaza mwaka 2012 kwamba kila nusu dakika ya kuchelewa kumtia hewa iliongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufa au kulazwa muda mrefu. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba, baada ya wakunga wa hospitali 8 za Tanzania kufunzwa kazi hii, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47.

Kwa hiyo mama mjamzito na apelekwe mapema penye mkunga aliyefunzwa na mwenye kifaa hicho. Nasi Waislamu tuna desturi ya kumwadhinia mtoto sikioni. Mtoto akiwa kimya, baba na ampishe mkunga kwanza. Adhana yaweza kungoja mpaka mtoto apumue.